Sauti ya Baba Niliipeleka Kwenye Gemu la Malori

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Nilichukua sauti ya baba yangu bila kumwomba ruhusa!

Baba alikuwa dereva wa lori, akibeba ufuta na korosho kutoka Likawage mpaka Nangurukuru. Mimi nilikuwa mlevi wa gemu moja la simu, la kuendesha malori. Studio iliyolitengeneza, ya watu wachache tu huko nje, ikaomba wachezaji tuwatumie sauti za madereva wa kweli. Akili ikanitoka!

Siku hiyo nilikaa naye mbele, simu nimeiweka mapajani inarekodi. Mtu wa baiskeli akatukatia njia, baba akafoka kama kawaida yake: "Pisha wee! Unataka mkeo akae eda?"

Kisha akanigeukia. "Unafanya nini na hiyo simu?"

"Naangalia saa tu, baba."

Studio wakaipenda sauti, wakaitia kwenye gemu. Ukimkaribia mtu na lori lako, baba anafoka. Nilivimba kichwa! Nikawarushia gemu vijana wote wa kijiweni, pale nyuma ya nyumba yetu. Baba mwenyewe sikumwambia.

Halafu presha ikamchukua, ghafla. Mama akaingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba. Na mchana kutwa anamsikia marehemu mumewe akifoka nyuma ya ukuta. Jamani!

Niliwaomba vijana wazime sauti. Wengine walizima, wengine wakasema, "Acha tumkumbuke mzee, kaka." Nikawaandikia studio. Akajibu mmoja tu: pole sana, studio tumeifunga, wenzangu wametawanyika, na gemu lililoko kwenye simu za watu hatuwezi kuligusa.

Nikamwangukia mama, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Heri angenichapa!

"Baba yako alijua?"

"Hapana, mama."

Juzi nampelekea uji, sauti ikapenya tena: unataka mkeo akae eda? Mama akageukia ukuta, akajibu taratibu: "Nimeshakaa, mume wangu. Usiniulize tena."

Nilitoka nikalia uani kama mtoto.

Wewe mwenye sauti ya mzazi wako kwenye simu, usimpe mtu, hata akikusifu vipi! Ikishatoka mkononi mwako si yako tena. Mama amebakiza miezi miwili mle ndani. Siwezi kumtoa, wala siwezi kumnyamazisha baba.