Mwangwi Niliomwekea Mjomba

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa muadhini wa msikiti wa mtaa wetu huku Gongo la Mboto. Mimi nilikuwa fundi sauti wa msikiti huohuo, cheo nilichojipa mwenyewe. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa video za kwenye simu na kwa kuunguza spika za watu.

Miksa yetu ilikuwa ndogo, inaenea kwenye kabati la ukutani karibu na mihrabu. Pembeni yake niliweka boksi la eko, la mtumba, lililochoka kwenye ukumbi wa harusi kabla halijatufikia. Utaratibu wake ni rahisi. Sauti ya maiki inaingia kwenye miksa, unazungusha nobu moja kuimega kidogo kwenda kwenye boksi, boksi linairefusha na kuirudisha kwenye miksa kupitia tundu jingine. Huko sauti mbili, ile kavu na ile yenye mwangwi, zinachanganyika na kwenda kwenye spika za juu ya paa.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilifungua nobu ya eko hata kwenye lile tundu la kurudia, kwa hiyo mwangwi ukarudi kwenye boksi, ukatoka, ukarudi tena, ukajila wenyewe mpaka ukawa mlio mtaa mzima ukausikia. Mjomba alimaliza adhana bila kugeuka. Kisha akaja kabatini.

"Mie naita watu waje kuswali, wewe unaita majini," akasema. "Wakija, safu utawapangia wewe."

Nilimwomba radhi pale, nikamwomba tena baada ya swala, nikamfuata na nyumbani.

"Mpwa gani huyu," akamwambia mkewe, "ananifuata kama bi harusi aliyeunguza wali."

Yeye alicheka. Mimi sikula siku ile. Ndivyo nilivyo. Kosa la dakika moja linakaa nami wiki nzima. Tangu hapo nikaziwekea nobu zote alama za rangi ya kucha, na kabla ya kila adhana nilizikagua, nikafunga kabati, nikalifungua nizikague tena.

Mjomba alinifundisha sheria moja ya kazi ile. Ikiwa ni tangazo la msiba, eko inazimwa.

"Adhana hata ikivuma, kila mtu anaijua," alisema. "Lakini jina la marehemu likivuma, watu watakwenda kuzika kwa jirani."

Baadaye kikaja kikohozi. Mwanzoni alikilaumu vumbi, kisha barafu kwenye juisi. Kamati ya msikiti ikamwita, ikamwambia kwa adabu kwamba sauti imechoka, apumzike, atatafutwa mwingine. Aliomba wamsikilize mwezi mmoja kwanza. Alipotoka akanikuta nafuta vumbi kwenye miksa.

"Hilo boksi lako," akasema taratibu, "linaweza kunishika mkono?"

"Mjomba, twende hospitali kwanza."

"Hospitali nitakwenda. Nimekuuliza habari ya boksi."

Nikamwambia linaweza. Nilijua sauti yake imefikia wapi, maana nilikuwa mtu pekee aliyevaa hedifoni na kuisikia sauti yake kavu, kabla haijapita kwenye eko. Niliisikia filimbi ndogo kifuani kila alipovuta pumzi. Alipofika "hayya alal falah" hakuweza kuivuta mpaka mwisho. Aliikata, akameza pumzi, akaimalizia.

Nikaanza kuitengeneza. Naomba nieleweke: niliifanya kazi ile kwa upendo, na niliifanya vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Nilipunguza sauti za juu mpaka filimbi ikapotea. Nilipima mwangwi urefuke kiasi cha kuziba pale anapokata, ili neno lisianguke wakati yeye anatafuta pumzi. Kila alipozidi kudhoofika, niliongeza kidogo. Nje, hata ndege zinapopita chini kwenda kutua, adhana ilisimama imara. Mwenyekiti wa kamati akanishika bega akasema mzee amerudi ujana. Nilifurahi sana. Habari ya kumtafuta mwingine ikafa.

Hospitali hakwenda. Nilimkumbusha, akasema Jumatatu. Jumatatu ikija, anasema kichwa kinamuuma, hawezi kukaa foleni. Ningeweza kwenda kumwambia mkewe. Nyumba yao iko nyuma tu ya msikiti. Lakini nikimwambia mkewe, kamati itajua, na mjomba atakaa barazani akisikiliza mtu mwingine akiadhini kwenye maiki yake. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa nimeipata sauti niliyoitafuta, na sikutaka iguswe.

Alasiri moja alimaliza adhana, akageuka, akakaa chini palepale kwenye zulia. Kwenye spika mwangwi wake wa mwisho ulikuwa bado unakwenda. Nilivua hedifoni nikamshika. Mikono yake ilikuwa ya baridi, na miguu imevimba mpaka soksi zimeacha alama. Tulimpakia kwenye bajaji. Daktari alisema moyo umechoka siku nyingi na maji yamejaa mapafuni, akauliza kwa nini tumechelewa. Mjomba akamjibu kwamba foleni zao ndefu. Alifariki kabla ya Ijumaa.

Tangazo nililisoma mimi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyelijua lile kabati. Nilizungusha nobu ya eko mpaka ikazima, nikachomoa na waya wa boksi kwa hofu yangu ileile. Nikataja jina lake, nikataja mazishi baada ya Adhuhuri, nikarudia. Sauti yangu ilitoka nyembamba, na kila pumzi niliyovuta ilisikika mtaani.

Baada ya mazishi niliingia ndani kumpa pole mkewe. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa." Akanishika mkono. "Mjomba wako alikuwa hasemi kama anaumwa. Ukimuuliza, mzaha. Basi mie nikawa namsikiliza adhana kutoka jikoni. Nikisikia imekatika, najua leo hali mbaya, namchemshia tangawizi, namzuia asitoke. Miezi hii ya mwisho ilinyooka kweli. Nikasema alhamdulillahi, amepona. Nikaacha hata kumuuliza."

Wanawake wakaitikia. Nilitazama mkeka. Nilikuwa na sentensi yote mdomoni, nimeipanga neno kwa neno, nikainuka nayo kwenda kuwagawia wageni maji.

Sasa kuna muadhini mwingine, fundi cherehani, mtu mpole. Juzi nilimpelekea anti mkaa, akawa amesimama mlangoni mwa jiko anasikiliza Alasiri.

"Huyu sauti yake mbona nyembamba hivi?" akaniuliza. "Mtengenezee na yeye, kama ulivyomtengenezea mjomba wako."

Nikasema sawa, anti. Waya wa boksi sijaurudisha. Kila adhana navaa hedifoni, nasikiliza pumzi za yule bwana kwanza, maneno baadaye.