Baba wa Bibi Harusi kwenye LP

Miaka ya tisini nilifanya kazi kwenye studio ya video pale Nkwenda. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la mnunuzi wa kahawa, kinanuka petroli ya jenereta na jasho la mwenye studio, mwanamume mnene aliyekuwa na tabia ya kuchokonoa meno kwa kijiti cha kiberiti na kukifuta kijiti hicho kwenye pazia. Nilikuwa nimejifunza kazi Bukoba kwa fundi mmoja mtaratibu, nikadhani mafundi wote wako hivyo.

Mwenye studio alipiga picha za harusi, mimi nilizikata. Tulikuwa na deki mbili na televisheni moja. Deki ya kwanza ilicheza kanda aliyotoka nayo harusini, ya pili ilirekodi zile sehemu nilizochagua. Kwenye deki ya pili kulikuwa na swichi ndogo ya kasi. Ukiiweka SP, kanda ya saa tatu inabeba saa tatu na picha inatoka safi. Ukiiweka LP, kanda inajikokota, inabeba saa sita, ila picha ndiyo inayoumia. Rangi zinavuja nje ya nguo, mistari inapita katikati ya watu, na sura zinakuwa kama uji. Kwenye deki yetu iliyochakaa, LP ilikuwa uchafu mtupu.

"Weka LP," mwenye studio alizoea kusema. "Watu wa vijijini hawajui tofauti."

Nami nilikuwa natoka kijijini, na tofauti naijua.

Siku moja alirudi na kanda za harusi ya Kimuli, ya familia moja ya wafugaji. Lazima niseme kweli, kamera alijua kuishika. Kulikuwa na sehemu ambapo baba wa bibi harusi, mzee mrefu mwenye koti lililombana mabegani, alimpakata binti yake mapajani mbele ya watu kumuaga, kama ilivyo desturi yao. Alimwambia maneno kwa Kinyambo, lugha yao nisiyoijua, taratibu, halafu akageuza uso upande wa kamera bila kujua kuwa kamera ipo, akajifuta jicho kwa kiganja. Niliirudisha sehemu ile mara tatu. Nikaanza kuirekodi kwa SP.

Mwenye studio akaingia, akachungulia swichi.

"Harusi ina saa tano. Zitaingiaje kwenye kanda moja?"

"Tuwape kanda mbili, mzee. Au nipunguze hotuba za kamati. Zenyewe tu zimechukua zaidi ya saa nzima."

"Hotuba usiguse. Kila aliyeshika maikrofoni atataka kujiona. Weka LP."

Nikaweka. Ningependa kuandika kwamba alinisukuma akabonyeza mwenyewe, lakini kidole kilikuwa changu. Jumapili iliyofuata alizichukua kanda zilezile za kwanza, alizotoka nazo harusini, akarekodia juu yake mashindano ya kwaya kule Ihembe.

Miezi michache baadaye yule baba wa bibi harusi akafariki. Asubuhi moja baada ya matanga, binti yake alikuja studio pamoja na mama yake, kanda imefungwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu," alijibu. Kiswahili chake kiliishia karibu na hapo.

"Tumeiweka kwa jirani," binti alisema, "tukamtafuta baba hatukumpata. Tukasema labda hapa kwenu itaonyesha vizuri."

Mwenye studio akawasha jenereta, akaingiza kanda. Hotuba zikaonekana hivyohivyo, vivuli vinavyopungia mikono. Tukafika pale mzee anapompakata binti yake. Koti lilikuwa doa jeusi. Juu ya koti kulikuwa na kitu cha kahawia kinachotetemeka, hakina macho wala mdomo, na mstari mweupe unakikata katikati. Mama akasogea hadi mbele ya televisheni, akapiga magoti, akashika ncha ya kanga yake na kuanza kufuta kioo. Alidhani ni vumbi.

"Dada," binti aliniuliza, "sauti ya baba ninaisikia. Yeye yuko wapi?"

Mwenye studio akawahi kujibu. "Deki ya jirani yenu mbovu. Imekula kanda."

Alilisema hilo huku kijiti kiko mdomoni. Nilimchukia, na nilijichukia zaidi kwa kuwa nilisubiri kidogo kabla ya kusema.

"Siyo deki ya jirani," nikasema. "Mimi ndiye niliyerekodi kwa kasi mbaya ili harusi yote iingie kwenye kanda moja. Na zile za kwanza zimeshafutwa."

"Wewe mwanamke una wazimu?" mwenye studio alifoka.

Binti hakumtazama. "Wewe ulimwona? Kabla ya kuharibika?"

"Nilimwona vizuri."

"Basi sema."

Nikasema. Koti, mabega, jinsi alivyomshika kiuno asidondoke, jinsi alivyogeuka na kujifuta jicho kwa kiganja. Binti akawa anamtafsiria mama yake. Mama akaacha kufuta kioo, akauliza neno moja, binti akaniuliza mimi.

"Anasema, ni kweli alilia? Siku ile baba alimwambia hakulia."

"Alilia, mama."

Mama akatikisa kichwa, akatabasamu na kulia kwa pamoja. Sauti ya mzee ilikuwa bado inaendelea kwenye televisheni. Ghafla ikakatika na chumba kikawa kimya. Mwenye studio alikuwa ametoka nje akazima jenereta. Alisema petroli haiokotwi barabarani.

Mama alinipa mkono walipoondoka. Binti hakunipa, na simlaumu. Nami sikurudi tena kwenye chumba kile baada ya siku hiyo. Nilisikia mwenye studio aliajiri mwingine upesi, na harusi za wilaya nzima ziliendelea kupita mle ndani kwa LP, familia baada ya familia, zikitoka zimepondwa kama maganda ya ndizi njiani. Mimi nilikwenda kulima kahawa kwa kaka yangu, na kwa muda mrefu kila nilipoalikwa harusini nilikaa nyuma, mbali na kamera.