Kabla ya Kufunga Kabini

Nakumbuka alasiri moja ya mvua katika ofisi ya Papa Kasereka, kule mtaa wa Vulamba, nikiwa nimeshika nusu mbili za kabini ya lori la plastiki na gundi imekwisha funguliwa. Umeniuliza, mwanangu, vipande vidogo hupakwa rangi lini: kabla ya kuunganisha au baada. Ningeweza kukujibu kwa sentensi moja. Lakini mimi sikupewa sentensi moja, na sitaki kukupunja. Nakuita mwanangu ingawa sina mvi hata moja. Kwetu mdogo wa mama yako ni mama yako, umri hauulizwi.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Butembo, na kila nililoambiwa nililijibu kwa "kwa nini?" Babu yako alikuwa ameacha udereva. Alibeba kakao kutoka Mangina miaka mingi, mpaka mgongo ukamkatalia na lori likapewa kijana mwingine. Tangu hapo alikaa sebuleni kwetu, mtaa wa Mususa, akaitikia salamu, akala, akalala. Mtu aliyekuwa akisimulia kila kona ya barabara hakusimulia tena. Mama alisema atazoea. Mimi niliona hazoei. Alikuwa anazimika.

Ndipo mfanyabiashara mmoja wa sokoni, aliyerudi na mizigo yake kutoka Dubai, akanipa boksi ambalo hakuna mteja aliyelitaka. Juu palichorwa lori. Ndani palikuwa na vipande tu.

"Ilivunjikia njiani," akaniambia. "Chukua, mama. Labda ninyi ba université mutaweza kuitengeneza."

Halikuvunjika, lilikuwa halijaundwa. Vipande vilishikana na vijiti vya plastiki kama ndizi kwenye mkungu, na mpaka leo naviita hivyo, mkungu. Nilipolitazama lile la kwenye picha niliona lori la baba, pua ile ile, kabini ile ile. Nikawaza: nikimwekea mikononi, pengine ulimi utafunguka. Ila boksi lilikuwa moja. Nikiliharibu, Butembo nzima sikujua pa kupata lingine.

Nikalipeleka kwa Papa Kasereka. Alikuwa msanifu majengo aliyesomea Kinshasa, na matajiri wa mji hawakuchimba msingi kabla hajawatengenezea maketi, ile nyumba ndogo ya kadibodi ya kuweka mezani. Akanipa kona ya meza yake, taa, wembe na brashi zake nyembamba. Kazi ni yako, akasema, mimi nitatazama.

Mimi nilikuwa na mantiki yangu. Unajua mji wetu: nyumba hujengwa, watu wakahamia, watoto wakazaliwa humo, na rangi huja mwisho kabisa, siku Mungu akijalia. Basi na lori ni hivyo hivyo. Gundisha vyote, paka baadaye. Viti na usukani vilikuwa bado na ukijivu wake wa kiwandani, nami nikawa nafunga.

"Masika, ngoja kwanza," akasema, akiuonyesha usukani. "Volan itakuwa ya rangi gani?"

"Nyeusi, Papa."

"Na utaipaka wakati gani?"

"Kisha kufunga. Nyumba si inapakwaga mwisho?"

"Nyumba iko na mulango, unaingia na ndoo yako. Hapa utaingilia wapi? Weka kidole kwa dirisha."

Nikaweka. Hata ukucha haukupita. "Lakini brashi ni ndogo kuliko kidole," nikabisha.

"Nilijua utasema vile. Bon. Hapana funga na gundi. Funga na utepe, ujaribu kupaka na maji."

Nikafanya hivyo. Maji yalifika kwenye fremu ya dirisha, yakafika darini, yakanifika mpaka kwenye kiwiko. Usukani ulibaki mkavu. Mwanangu, hapo ndipo shukrani yangu kwa mzee yule ilipoanzia. Wakubwa wengi wangeniambia nyamaza, sisi tuliona jua kabla yako. Yeye alikipa kichwa changu kigumu nafasi ya kujionea.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Nikaelewa, tena nikaelewa kupita kiasi. Nilivipaka vipande vyote vingali kwenye mkungu: viti, vioo vya pembeni, tangi, bomba la moshi, hata kingo zake zote. Vilipokauka nikavikata nikaanza kugundisha. Vioo vilishika kidogo, kisha vikadondoka kama meno ya mtoto.

Papa Kasereka aliacha kalamu yake. "Gundi ya hii kitu inashika nini?"

"Plastiki."

"Na wewe unaipatia nini?"

Nikatazama kingo zangu nzuri zenye rangi.

"Unavuta mutu kwa shati," akasema, "unabaki na shati."

Nikakwangua kwa wembe, kipande kwa kipande. Tena kila kipande kilikuwa na doa la kijivu pale kilipokatwa kwenye kijiti, nalo lilidai brashi upya. Nikakasirika.

"Sasa kweli ni ipi, Papa? Kabla ao kisha?"

"Mimi unaniulizaga kutoka asubuhi mpaka jioni," akasema. "Uliza na kile kipande kidogo. Na chenyewe kiko na jibu."

Alicheka mwenyewe, nami nikashindwa kununa. Nikavigeuza vipande kimoja kimoja, nikitazama kipi brashi itakifikia baadaye na kipi haitakifikia.

Lori lilipokamilika nilimpelekea baba. Alilipokea kwa mikono miwili. Upande wa nje, ambao niliusugua mpaka maungio yakapotea, hakuujali. Alilisogeza hadi jichoni, akachungulia dirishani, akatazama viti vyekundu, usukani mweusi, mkono wa gia wenye kichwa cheupe.

"Hii kichwa ya gia," akasema, "ilikuwaga njano."

Mama, aliyekuwa akichambua maharagwe, aliinua uso.

"Ile nyeupe ilipotelea mu matope, karibu na Mangina. Tulitafuta, tulitafuta. Convoyeur wangu, kijana wa kunisaidia mu lori, akachonga ingine ya muti, akaipaka njano. Leta brashi, Masika, niitengeneze."

"Haifikiki, Baba. Kabini imefungwa."

Alitikisa kichwa kwa huruma, kama anayemsikitikia fundi. Kisha akaeleza matope yale, na daraja, na abiria mmoja aliyekataa kushuka kusukuma kwa sababu alikuwa amevaa suti ya harusi. Mama alicheka hadi akaufuta uso kwa kitenge. Kichwa cha gia ni cheupe mpaka leo, na hakuna mgeni anayeketi kwetu asiyeelezwa kwamba binti wa nyumba hii alikikosea.

Basi sikia, mwanangu. Kitakachofichwa ndani, pasipofikika tena, kipake kabla hujafunga, na uhakikishe rangi ni ile unayoitaka, kwa maana maji yakimwagika hayazoleki. Kilicho kidogo mno kwa vidole kiache kwenye mkungu, huo ndio mpini wake. Ukishakikata, rudi ulifunike doa. Mahali pa gundi pasiguswe na rangi, na ukisahau, kwangua. Lakini vipande viwili vitakavyokuwa ukuta mmoja wa nje, viunganishe kwanza, sugua, kisha paka. Na usiniamini mimi tu. Vijiti vya mkungu hutupwa. Vipake, vigundishe, ujionee.

Nenda ukaanze. Mungu akujalie mkono usiotetemeka, na mkubwa asiyechoshwa na maswali yako kama nilivyojaliwa mimi. Na kile unachokiunda kimfikie yule unayemuundia, angali na hamu ya kukusahihisha.