Shuka ya Pamba Yangu

Enzi za Mwingereza, nilipoolewa Mbagala, nilipanda pamba mwenyewe, nikaisokota mwenyewe. Baba mkwe, mfumaji aliyetoka Rufiji, alizipaka nyuzi uji wa muhogo ili zikakamae, akazitanda juani. Sikutulia, nilizunguka uani kama kuku anayetaka kutaga. Shuka yangu hiyo!

Nikaingia ndani kunywa maji tu. Kutoka, mbuzi wa mama mkwe anaramba uji na kutafuna nyuzi zenyewe! Nilipiga ukelele, majirani wote wakaja mbio.

Zilizobaki zilifumwa, shuka ikaishia magotini. Siku ya Idi niliivaa kwa madaha, nikiwapakulia wageni pilau ya mbuzi.

"Mbona shuka fupi?" wakauliza.

"Kipande kingine mnakila hapo."