Mguu wa Yohana na Ng'ombe wa Mjomba

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kwa harufu ya udongo mkavu uliopata tone la kwanza la mvua. Watu wengine harufu hiyo huwafurahisha, wakakimbilia majembe. Mimi hunipandisha hasira mpaka leo, na leo nitakuambia kwa nini, maana nimesikia vijana wa hapa Ihumwa wameanza tena kuulizana nani ataweka dau la nini Jumamosi chuo kitakapocheza mpira.

Najua kuonya ni kazi ya wazee. Mimi sina mvi hata moja, na wewe ndiye mtoto wangu wa kwanza. Lakini wazee waliopaswa kukuonya wamenyamaza, kwa sababu siku ile nao waliweka, huyu mbuzi, yule kapu la uwele, na mwenye aibu hafundishi. Basi nafundisha mimi. Misheni walinipa kalamu, sitaiacha ikauke kwa ajili ya heshima ya watu wasiojiheshimu.

Wewe ulikuwa mgongoni, hujaota hata jino. Homa ya uzazi ilikuwa imenikausha maziwa. Mjomba wangu wa Hombolo alipopata habari akaswaga ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe begani, akamleta zizini kwetu, akasema, mtoto anywe. Desturi yetu Wagogo unaijua: mtu hakai na ng'ombe wake wote zizi moja. Huku anaweka wawili, kule mmoja, ili ukame ukipiga huku au sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ikiingia, wa kule wasalie. Anayekaa naye anakamua, anakunywa, anapata na samadi. Ng'ombe si wake. Mtoto wa Kigogo hulijua hilo kabla hajajua kuhesabu vidole. Na huyo mweusi alikuwa mjukuu wa ng'ombe mmoja tu aliyembakia mjomba siku sotoka ilipofagia zizi lake.

Sasa, Yohana, mdogo wake baba yako, alikuwa anasomea ualimu kwenye chuo cha misheni. Wazungu wa misheni waliwafundisha mpira, na Yohana mguu wake wa kulia ulikuwa ukiinuka, mlinda lango anarudi nyuma bila kutaka. Chuo kikapatana kucheza na vijana wa shule ya serikali ya Mdachi waliotoka Kondoa, uwanja ukiwa ule wa mbugani, karibu na reli. Nyapara mmoja wa reli, mtu wa pwani, akatangaza kuwa yeye yuko upande wa Kondoa, mwenye mfugo au nafaka aje waweke dau. Mwalimu wa hao vijana wa Kondoa alipoulizwa kama naye ataweka, alisema kamari ni haramu, wao wamekuja kucheza tu. Nyapara akacheka, akasema haramu ni kushindwa.

Asubuhi ya mchezo Yohana akaja kwangu akichechemea, akaniomba nimtoe funza. Nikaweka mguu wake mapajani, nikachukua mwiba. Nilitoa kumi na mmoja, mguu wa kulia peke yake. Kidole gumba kilikuwa kimevimba kama kiazi, ukucha unacheza. Nikamwambia mguu huu leo si wa kupiga kitu, ni wa kunyooshwa na kupakwa mafuta.

"Shemeji," akasema, "nikimwambia mwalimu ataniweka kando. Na kaka ameshaweka."

Nikamuuliza ameweka nini. Akatazama pembeni, na mimi nikatazama zizini.

Nilimfuata baba yako palepale. Nikamwambia habari ya mguu, nikamwambia na habari ya mbingu. Upepo ulikuwa umegeuka tangu alfajiri na mawingu yalikuwa yamekalia vilima vya mashariki. Dalili ya mvua ni mawingu, haihitaji mganga. Mbuga ile ikilowa inashika miguu kama ulimbo. Vijana wa chuo mchezo wao ni mbio. Wale wa Kondoa ni watu wa milimani, wamezoea kupanda kwenye utelezi, tena wanapiga mpira mbali, hawaukimbizi. Mguu mbovu na uwanja wa tope, ukiviweka pamoja, hata kipofu anaona mwisho wake.

Akacheka. "Wewe jua mwiba wako, mama mtoto, mpira tuachie. Yohana hata kwa mguu mmoja anawafunga."

Nikamwambia, "Ng'ombe si wako."

"Yuko zizi la nani?"

Yuko zizi la nani! Neno hilo Mgogo halisemi. Alilibeba kutoka kwa nyapara, ambaye kwake kitu kikiwa uani mwako ni chako. Nilitamani kumpiga na kibuyu, nikakumbuka kibuyu kina maziwa yako.

Sasa fungua masikio, maana hapa kosa ni langu. Nilikwenda kisimani nimefura, na nani akanikuta huko kama si nyapara. Akanisalimu vizuri, akakusifia wewe mgongoni, akasema anasikia mimi ndiye fundi wa funza kijiji kizima. Akauliza, shemeji nimemkuta na wangapi? Nikajibu kumi na mmoja, tena kwa majivuno, nikamwonyesha na vidole. Mguu upi? Wa kulia, ukucha karibu utoke. Akanishukuru. Akainua macho, akayatazama yale mawingu yangu kwa muda mrefu, kisha akaenda zake kuongeza dau.

Maneno ambayo mume wangu aliyatema, mgeni aliyaokota moja moja kama shanga.

Mambo ya uwanjani nitayafupisha, yalikuwa mafupi yenyewe. Mvua ilianza hata jasho halijawatoka. Uwanja ukawa mweusi, vijana wa chuo wakawa wanang'oa miguu kama watu wanaong'oa mihogo. Yohana alipata mpira mbele ya lango mara moja tu. Akaupiga kwa ule ule wa kulia, mpira ukaenda hatua tatu ukakwama topeni, yeye akaanguka amekumbatia kidole. Kondoa mabao mawili, sisi mikono mitupu. Kabla nguo hazijakauka nyapara alikuwa amesimama zizini na kamba, na watu wote waliomjua mwenye ng'ombe wametazama chini. Ng'ombe akatoka. Aligeuka mara moja, akalia, nawe ukalia.

Mjomba alifika siku ya pili. Nilidhani atamwanza baba yako, nami nilikuwa tayari kumsaidia. Baba yako alikaa kichwa chini kama mwizi wa kuku. Mjomba akamtazama kidogo tu, akaniuliza mimi yote, nami nikaeleza yote, hata ya kisimani. Halafu akasema, bila kupandisha sauti:

"Mume wako ni mjinga, hilo nimeliona. Lakini wewe ulisimama na mgeni, mdomo ukiwa wazi. Ukampa habari ya mguu, ukamnyima habari ya ng'ombe."

Mwanangu, alisema kweli tupu. Ningesema pale kisimani, au mbele ya wazee, "Huyo ng'ombe ni wa mtu wa Hombolo," nani angethubutu kupokea dau lile? Neno moja. Nililimaliza lote kwa kumkaripia mume ndani ya ua, ambako halikumsaidia mtu.

Ulikunywa uji wa uwele mwaka ule, mwepesi kama maji ya kuoshea. Ndiyo maana ulichelewa kutembea, wenzako wakakucheka. Yohana kidole kilikatwa, sasa anafundisha akiwa ameegemea ukuta. Baba yako alilima shamba la mjomba misimu miwili, na alistahili mitatu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Asiyesikia la mkewe huvunja guu la ndugu yake.

Basi shika haya. Mchezo wa kuweka dau usiukaribie. Na kama siku moja ujinga utakuzidi, kwanza nenda kwa mwenye mwiba, umuulize miguu ikoje, wala usimcheke kwa kuwa ni mwanamke. Kisha tazama mbingu, tazama na udongo utakaokanyagwa. Mdharau mwiba mguu huota tende. Lakini kabla ya mguu na kabla ya mvua, uliza unachoweka ni cha nani. Jibu likikupa shida, rudi nyumbani. Na ukiona mwingine anaweka kisicho chake, usinong'one uani kama mimi. Sema mbele ya watu, hata sauti ikitetemeka.

Mjomba alileta ng'ombe mwingine, safari hii kamba akaniwekea mimi mkononi, si mtu mwingine. Unamjua, unamkamua kila asubuhi. Jana nimemsikia baba yako akiulizia vijana wa chuo wanaendeleaje na miguu. Nimetoka nje, nikasema kwa sauti ya kufika relini kwamba ng'ombe huyu ni wa mtu wa Hombolo. Majirani wamesikia wote.

Mungu akupe miguu mizima, mwanangu, na zizi lenye ng'ombe wa watu wanaokuamini. Akupe na mdomo unaofunguka mapema kuliko wa mama yako.