Siku Mkwe Wangu Alipotaka Kupima Mishipa Yangu

Ninyi mlioamka leo mkavaa viatu kwa mikono yenu wenyewe, mshukuruni Mungu, kisha mnisikilize mimi Kwamboka wa Manga.

Nilikuwa na nguvu. Mkungu wa ndizi nilibeba mwenyewe hadi barabarani, na chumvi nililamba kama ng'ombe. Halafu kichwa kikaanza kugonga kwa nyuma. Masikio yakalia. Asubuhi moja niliinama kuchuma mboga, nikazinduka nimezilalia. Niliogopa sana, maana dada yangu Nyaboke alianza hivyo hivyo. Kisha mkono ukafa, mdomo ukapinda, tukamlisha uji kwa kijiko miaka minne hadi akatuacha.

Binti yangu Kemunto akanipeleka hospitali, Kisii mjini. Daktari, msichana mdogo tu, akapima presha akaguna, akaniita magokoro, yaani bibi.

"Magokoro, presha iko juu. Sasa nataka kujua mishipa yako imekuwa migumu kiasi gani. Hakuna sindano, hakuna kisu. Tunaweka kifaa shingoni, halafu kwenye kinena, tunaona mpigo wa moyo unasafiri kwa kasi gani."

Nikalala, nikafunikwa shuka. Nikaambiwa ninyamaze dakika kumi. Kunyamaza huko kulinitoa jasho kuliko ugonjwa.

Mtu wa mashine akaingia. Ombati! Mume wa Kemunto! Nilijua anafanya kazi hospitali, lakini nilidhani ni wa kuandika kadi.

Sisi Abagusii tuna heshima yetu, chinsoni. Mkwe hata kitanda cha mama mkwe hakikalii, sembuse kumgusa kinena! Nikavuta shuka hadi juu ya kichwa. Ombati akageukia ukuta.

"Mama, samahani. Sikuwa nimeona jina."

"Toka, mwanangu! Afadhali nife!"

Kemunto akanifunua uso. "Mama, unataka nikulishe uji kama mama mkubwa Nyaboke?"

Hapo nikaachia shuka. "Basi, leteni pazia!"

Pazia likavutwa. Muuguzi Kerubo akashika kifaa, Ombati akasoma skrini upande wa pili.

"Kerubo, mwambie mama apumue polepole."

"Kerubo, mwambie Ombati ninapumua."

Na kati yetu ni hatua moja!

Majibu yakaja: mpigo unapita haraka sana. Nikafurahi. "Umri huu wote na bado nakimbia!"

Daktari akatikisa kichwa. "Hapana, magokoro. Mshipa laini unatanuka, mpigo unapita taratibu. Wako umekakamaa kama bomba la chuma. Tukiuacha hivyo, utapata kiharusi."

Basi nikameza dawa kila siku. Chumvi Kemunto akaificha. Kwa mazoezi nikawa natembea hadi sokoni na kurudi mikono mitupu, watu wakiniuliza nimepoteza nini.

Baada ya mwaka tukapima tena. Nyuma ya pazia kukawa kimya, nikafikiri Ombati amelala. Kumbe, Kerubo aliniambia baadaye, alikuwa anafuta machozi.

"Kerubo, mwambie mama mwendo wa mpigo umepungua. Mishipa imelainika."

"Kerubo, mwambie Ombati nimesikia. Mwambie Mungu ambariki."

Wenzangu, nendeni mkapimwe kabla mdomo haujapinda. Na ukimkuta mkwe wako kwenye mashine, usikimbie. Itisha pazia.