Huruma ya Mitumba

Mama Mdogo hakukalia kiti bila kukisogeza kwanza. Upana wa kiganja tu ulimtosha, kisha ndipo aliketi. Alifanya hivyo nyumbani na kwa wateja wake. Siku moja hospitalini nilimwona akihangaika na benchi la chuma lililofungwa sakafuni kwa bolti, mpaka mlinzi akamwambia, "Mama, hilo halitoki."

"Najua, mwanangu," akamjibu. "Nalijulisha tu kwamba nimefika."

Viti vyote vya nyumba yetu vilipangwa na mama yangu mzazi, aliyefariki kwa saratani ya titi nikiwa darasa la sita. Baba alikuwa fundi wa mizani, akizunguka madukani na magodauni kuzirekebisha, na kwake kitu kikishawekwa sawa hakiguswi. Alipomwoa Mama Mdogo, nikiwa nimeingia sekondari, alimleta kwenye nyumba ambayo hata kijiko kilikuwa palepale alipokiacha marehemu. Bibi harusi alikuwa mshona mapazia. Kabla wiki haijaisha aliteremsha mapazia yote, akashona yake, akayatundika mwenyewe juu ya ngazi huku baba akiishika kwa chini. "Mapazia ni yangu," alizoea kusema, "kuta ni zake."

Wivu wake hakuuficha. Akinitazama sana nilijua anaitazama pua yangu, maana ni ya mama yangu kabisa. Majirani wakisema marehemu alikuwa mpole, alisikia kwamba yeye ni mkali. Lakini sentensi iliyomkera kuliko zote ilikuwa ya baba. Kila mgeni aliyetaja maradhi aliambiwa: "Mke wangu aliugua, akavumilia. Hakulalamika hata siku moja." Hapo Mama Mdogo alikumbuka sufuria jikoni, hata kama jiko lilikuwa limezimwa.

"Mke mwenza aliye hai ana nafuu," aliniambia wakati mmoja tukikunja pindo za pazia refu, kila mtu na ncha yake. "Anaunguza mchuzi. Ananenepa. Siku nyingine ulimi unamteleza, ukapata pa kumshikia. Huyu wangu ana miaka thelathini na nne, wala hazeeki."

Mimi binti wa huyo huyo sikuwa mtu wa kuambiwa hayo. Ila hakujaliwa mtoto, na mimi nilikuwa karibu.

Miaka kama saba iliyopita alipata kazi ya kushona mapazia ya kutenga vyumba katika kitengo kipya cha picha za eksirei hospitalini. Alipokuwa akitundika la mwisho, dada mpiga picha za matiti akamtania: "Mama Mapazia, umetufungia chumba kizuri hivi halafu uondoke bila kukitumia?" Mama Mdogo alikuwa amevuka hamsini na hajawahi kupigwa picha hiyo. Akaweka tepu yake ya kupimia mezani, akavua blauzi, akaingia nyuma ya pazia lake mwenyewe. Baadaye alinisimulia kwamba walimminya kati ya vibao viwili kama shati chini ya pasi. Hakumwambia baba. Aliona ni mzaha uliokwisha.

Siku chache baadaye wakampigia simu: picha haijajitosheleza, arudi ipigwe nyingine.

Akanipigia mimi. "Alhamisi asubuhi una kipindi?" Nafundisha chuoni.

"Sina, mama."

"Basi nisindikize nikanunue ringi za mapazia."

Tulitembea pamoja, yeye na mkoba wake wa turubai begani, tukalipita duka la ringi.

"Mama Mdogo, tumepita duka."

"Nimeliona."

Tukafika hospitalini, kwenye lile benchi la chuma. Hapo akanieleza yote, kuanzia mzaha wa yule dada mpaka simu, akiwa amekodolea macho mlango ulio mbele yetu. Nikamuuliza kama baba anajua.

"Hajui, wala hatajua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu atanipeleka kulekule alikompeleka yeye. Atanishika mkono alivyomshika, atanipa maji kwa kijiko alivyompa. Mambo yote ameshayafanyia mazoezi kwa mwenzangu. Nimevaa mitumba maisha yangu yote, sikatai, inavalika. Lakini huruma ya mitumba siitaki."

Nilitaka kumwambia kwamba hayo si maneno ya mtu mwenye akili timamu. Nikakumbuka kwamba mtu mwenye hofu hushika kilicho karibu na mkono wake, na karibu na mkono wake ulikuwapo wivu siku zote.

Walimpiga picha nyingine, kisha wakampitishia kipimo cha ultrasound, kile cha kupakwa jeli baridi. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, mwenye sauti ya taratibu. Alitugeuzia kioo cha kompyuta tukaona titi likiwa jeupe, kama moshi uliofungiwa kwenye chupa.

"Matiti yako yana nyama nzito, mama. Kwenye picha nyama hiyo huonekana nyeupe, na tunachokitafuta nacho ni cheupe. Ni kama kutafuta fundo la pamba ndani ya godoro la pamba. Hapa kushoto kuna kivuli kidogo, na kingo zake hazijatulia."

"Kwa hiyo ninao?"

"Sijaona ugonjwa. Ila siwezi kukuapia kwamba haupo. Vivuli vingi vya namna hii huwa si kitu. Zipo njia mbili. Urudi baada ya miezi sita tuipige tena picha tulinganishe, au tuchukue kinyama kidogo kwa sindano, kipimwe, tujue sasa. Kwa kivuli kama hiki yoyote kati ya hizo inakubalika. Ya tatu, ya kutorudi kabisa, ndiyo siipendi." Akashika kalamu. "Katika familia, kuna aliyewahi kuugua saratani ya titi?"

Mama Mdogo akajibu bila kufikiri, kama mtu aliyelisubiri swali hilo miaka. "Yupo. Mke wa kwanza wa mume wangu."

Daktari aliitua kalamu. "Huyo si wa damu yako, mama. Kwa upande wa hatari, hakuongezei chochote."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Ungedhani ni habari njema. Mama Mdogo alikaa kama mtu aliyenyang'anywa sahani. Miaka yote ile alilala kwenye kitanda cha marehemu, akapikia vyungu vyake, akaamini kwamba ugonjwa ule ulikuwa umebaki nyumbani ukimngoja. Sasa anaambiwa haukuwahi kumhusu.

"Na ni wa damu ya nani basi?" akauliza.

Daktari alinitazama mimi, akatazama tena karatasi zake. Mama Mdogo akanionyesha kwa kidevu. "Wa huyu. Ni bintiye."

"Basi na mambo yako ya vipimo tutayapanga kabla hamjaondoka, dada," daktari akaniambia. Nami niliyapanga, lakini hayo si ya hapa.

Njiani kurudi alitembea mbele yangu. Kwenye duka la ringi akasimama, akageuka.

"Sirudi," akasema. "Wala miezi sita, wala sindano."

"Mama Mdogo."

"Nikichomwa nitapiga kelele, najijua. Baba yako atasikia. Atalinganisha. Hatasema kitu, atalinganisha tu kimoyomoyo, na mimi nitamwona anavyolinganisha."

"Utakufa kwa sababu ya kelele?"

"Usinitolee macho na hiyo pua," akasema, akaingia dukani kununua ringi.

Wiki mbili nilimsihi kwa simu. Alinijibu kuhusu bei ya vitambaa. Kila nilipotaja hospitali, alisema kuna mteja mlangoni. Niliogopa kumwambia baba kwa siri, maana Mama Mdogo angejua nimemsaliti, na mwanamke yule alikuwa radhi kufa kwa kisirani kuliko kushindwa.

Jumapili moja mchana nilikwenda kwao. Baba alikuwa sebuleni, amefunua mzani wa zamani juu ya gazeti, akisafisha chemchemi zake kwa mswaki. Mama Mdogo alikuwa akichomeka ringi kwenye pazia la mteja. Tulikuwa tukimzungumzia jirani aliyepita asubuhi akilalamika kwa jino, na kosa la baba lilianzia hapo.

"Watu wa siku hizi ni kelele tu," akasema bila kuinua macho. "Marehemu aliugua ugonjwa mkubwa, akavumilia. Hakulalamika hata—"

"Na mimi nina kivuli kwenye titi," akasema Mama Mdogo. "La kushoto, kama lake. Haya, tumelingana sasa?"

Mswaki ulisimama. Baba alimtazama, akanitazama mimi, akaelewa kutoka usoni kwangu kwamba ni kweli.

"Tangu lini?"

"Karibu mwezi. Wanataka kunichoma sindano, nimekataa. Mimi siyawezi ya mwenzangu. Yeye alikaa kimya, ukamuuguza, ukamlisha kwa kijiko. Mimi si mtu wa namna hiyo, na sitaki unitazame ukimtafuta yeye."

Baba alijaribu kuufunika mzani, kifuniko kikagoma, akakiacha.

"Nani alikwambia nilimlisha kwa kijiko?"

"Hakuna haja ya kuambiwa."

"Sikumlisha," akasema. "Sikuwapo. Nilikuwa kwenye mizunguko ya mizani, wiki tatu huku, wiki nne kule. Alikuwa na uvimbe karibu mwaka mzima, akamwambia kaka yake tu, akamkanya asiniambie. Kaka yake ndiye aliyempeleka hospitali. Niliporudi safari ya mwisho hakuweza kuinua mkono, na hapakuwa na la kufanya tena. Hospitali ile mimi siijui, bibie. Nimeijua mlangoni, siku ya kuchukua mwili."

Mimi nilikuwa naambiwa mama ana homa. Hayo nilikuwa nikiyasikia kwa mara ya kwanza, katika umri wangu ule.

"Sasa kila siku alivumilia, alivumilia..." akasema Mama Mdogo.

"Ningewaambia nini watu? Kwamba mke wangu aliumwa ndani ya nyumba yangu na hakuona kama mimi ni mtu wa kuambiwa?"

Mama Mdogo alikuwa amekishika kitambaa kwa mikono miwili. Kisha akauliza, polepole, kama anayeonja kitu cha moto:

"Hakukwambia kabisa?"

"Kabisa."

"Hata fumbo?"

"Hata fumbo. Wewe umeniambia."

Niliuona uso wake, na sikuupenda. Palikuwa na huruma juu yake, ndiyo, lakini chini ya huruma palikuwa na furaha, furaha ya mtu aliyeshinda kesi ambayo mwenzake hakujua kama ipo mahakamani. Mama yangu alikuwa ametolewa rafuni na kuwekwa sakafuni mbele yetu, mwanamke mwoga aliyeficha uvimbe chini ya kanga, na huyu mwingine alikuwa akimzunguka kumtazama. Wivu ulinishika mimi sasa, kwa niaba ya marehemu. Niliinuka nikaenda jikoni. Nilikumbuka sufuria.

Kutoka jikoni nilimsikia akitoa masharti. "Nitachomwa. Lakini utakuja. Utakaa nje ya mlango, siyo getini. Na usimtaje."

"Simtaji."

"Na nikipiga kelele?"

"Piga. Nisikie."

Siku ya sindano baba alivaa shati la mikono mirefu, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Mama Mdogo alipoitwa ndani, baba alisema anakwenda kumnunulia maji. Hakurudi. Ndani nilisikia sauti ya Mama Mdogo ikimkemea daktari, kisha ukelele mmoja mrefu uliowafanya wagonjwa wote benchini watazamane, kisha ukafuata mfululizo wa malalamiko kuhusu sindano, hewa ya chumba na mshono wa pazia, ambalo alidai mtu amelivuta vibaya. Alipotoka, bandeji chini ya blauzi, alitazama huku na huku.

"Yuko wapi?"

Tulimkuta wodi ya watoto, ghorofa ya pili upande wa pili kabisa, amekumbatia chupa ya maji, muuguzi akijaribu kumwelekeza. Alikuwa amepanda ngazi zisizo zake na kuuliza njia kwa watu wanne.

"Amepotea," Mama Mdogo akaniambia. Akamwambia muuguzi, akamwambia mlinzi, na jioni akawaambia majirani: "Mume wangu hospitali ile haijui hata chembe. Amepotea mpaka kwa watoto." Alilisema kwa majivuno, kama mwingine anavyoonyesha pete.

Majibu yalikuja: si saratani, uvimbe wa kawaida usio na madhara, ila awe anarudi kila mwaka kwa picha. Alirudi kila mwaka. Alimlazimisha baba amsindikize hata pale alipokwisha kuijua njia, na akanuna siku aliyoona ameanza kuijua. Wivu haukumwisha. Ulibadilika kidogo tu: mgeni akimsifu marehemu kwa uvumilivu, alikaa palepale, akamsikiliza mpaka mwisho, akisubiri baba aseme kitu. Baba hakusema.

Mwaka jana shinikizo la damu ndilo lililomchukua, si titi. Alilazwa siku chache, akili yake ikiwa timamu na ulimi wake vilevile. Baba alikaa kando ya kitanda mchana kutwa, akimlisha uji kwa kijiko bila ustadi wowote, ukimwagikia shukani, na yeye akilalamika kila kijiko. Jioni ya mwisho nilipoinama kumuaga, alingoja mpaka baba alipotoka kwenda kusuuza bakuli.

"Baba yako akioa tena," akaniambia, "mwambie huyo mwanamke kwamba mimi nililalamika sana. Mwambie vizuri, asije akadanganywa."